Kershaw Saba: Safari ya Beryl Nuttall

Wasifu wa marehemu, ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Desmond Ashworth, katika kanisa la Kimethodisti, Bacup, Lancashire, tarehe 14 Novemba 2022

Marehemu Beryl alizaliwa tarehe 11 Machi 1946, nyumbani kwa wazazi wetu, namba 16, Mtaa wa Hammerton, hapa Bacup. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Herbert na Edna Ashworth. Baba alikuwa mkata ngozi katika kiwanda cha sapatu, viatu vya kuvaa ndani, na mama alikuwa mfumaji katika kiwanda cha pamba. Mama alitusimulia kwamba Beryl alizaliwa amekunja ngumi, na mkunga akamwambia, "Huyu atakusumbua, Edna." Mkunga hakukosea. Mimi nilifuata mwaka 1949, na tangu siku hiyo Beryl alinihesabu kuwa mali yake.

Mwaka 1951 alianza masomo katika shule ya msingi ya kanisa. Alijua kusoma mapema kuliko wenzake, ingawa si kwa vitabu vya mwalimu. Namba 7 alikaa Shangazi Ivy. Hakuwa ndugu yetu, ila watoto wa mtaani kwetu waliwaita majirani wote wa kike shangazi, na jina la ukoo hakuna aliyeuliza. Mtoto wake, Alan, aliletewa gazeti la katuni kila wiki, na akishalisoma, Shangazi Ivy alimpa Beryl. Ukurasa wa mbele ulikuwa na hadithi ya picha za rangi, ya nahodha wa chombo cha anga, aliyevaa nguo za rangi ya fedha toka utosini hadi unyayoni, akipambana na hatari huko karibu na sayari ya Zohali. Jina la hadithi halikuonekana. Alan alilikata kwa mkasi, maana ukituma majina kadhaa kwa posta uliletewa beji. Wenzake nahodha walimwita Nahodha tu. Lakini kwenye kona ya juu, karibu na mkia wa chombo, kila wiki palikuwa na maandishi ya penseli: Kershaw 7. Beryl akasoma, akaelewa. Chombo kinaitwa Kershaw Saba, na nahodha wake ni Kershaw.

Wa rika langu naona mmeshaanza kucheka. Vumilieni kidogo.

Oktoba 1953 Shangazi Ivy na familia yake walihamia Australia, na magazeti yakakoma. Yakakoma mahali pabaya. Injini zimezimika, chombo kinavutwa na Zohali, nahodha ameshika usukani kwa mikono miwili, na chini ya picha pameandikwa "itaendelea." Kwa Beryl haikuendelea. Alimwomba baba amnunulie. Baba akamjibu, "Soma Biblia. Nayo ina watu wanaopaa." Yale ya zamani mama aliwashia moto, na mengine akayachana vipande akayatundika kwenye msumari wa choo cha uani. Mashujaa wengi wa Uingereza waliishia pale.

Majira hayo ya baridi mimi niliugua surua, nikalazwa chumba chenye pazia nene ili macho yasiumie. Beryl alikaa kando ya kitanda changu alasiri baada ya alasiri akinisimulia habari za Nahodha Kershaw, namna alivyookoka kwenye sayari ya Mshtarii na namna alivyowahadaa maharamia wa barafu. Nilipona, na mpaka leo sijapata dawa iliyonifaa kama ile.

Aliacha shule mwaka 1961, akaingia kiwanda cha sapatu kama mshonaji. Hakupapenda. Alisema kushona viatu vya watu wasiotoka nje ya nyumba kunamtia usingizi. Mwaka 1968 akawa kondakta wa basi, na mwaka 1974 akakabidhiwa usukani. Wapo waliokataa kupanda. Mzee mmoja alisimama mlangoni akamwambia, "We mama, huo usukani si mashine ya kukamulia nguo." Beryl akamjibu, "Najua, babu. Ningekuwa nakamua ningeanza na wewe. Panda, unatuchelewesha." Akapanda.

Wengi wenu mnakumbuka Januari ya 1979, kwa sababu baadhi yenu mlikuwemo. Beryl alikuwa anateremka na basi kutoka kijiji cha Weir, barabara imekuwa kioo cha barafu, na basi likaanza kuserereka kuelekea ukuta wa shamba. Watu wanapiga kelele. Yeye akaachia breki, akazungusha usukani kuufuata ule mserereko badala ya kushindana nao, basi likazunguka lote, mkia ukapita palipokuwa kichwa, likajinyoosha, likaendelea na safari. Beryl akageuka akasema, "Kaeni vitini. Na aliyeangusha pai aiokote, sitaki panya humu." Gereji walimuuliza nani kamfundisha. Akasema, "Nahodha Kershaw. Alifanya hivyo alipozidiwa na Mshtarii. Hakushindana na mvuto, aliufuata, akazunguka nyuma, akatokea upande wa pili na mwendo mkubwa kuliko aliokuja nao." Fundi mmoja akauliza, "Kershaw gani? Yule mwenye gereji Rochdale?"

Alifunga ndoa na Wilfred Nuttall, fundi bomba, tarehe 7 Septemba 1968, katika kanisa hili hili. Fungate yao ilikuwa Morecambe, pwani, na mvua ilinyesha wiki nzima. Alasiri ya kwanza bibi harusi alitoweka, na Wilf akamkuta kwenye duka la vitabu vikuukuu, amepiga magoti, anapekua masanduku ya magazeti ya katuni.

"Unatafuta nini, mke wangu?"

"Kershaw."

"Kershaw ndiye nani?"

"Kaa chini nikueleze. Ni habari ndefu."

Wilf alikaa chini na hakuinuka tena. Alizoea kuwaambia watu, "Mimi nilioa mke mmoja, nikaongezewa nahodha juu yake." Alimtania, lakini ndiye aliyembebea masanduku kila soko kati ya Bolton na Bradford. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorraine na Neil.

Beryl hakutafuta kwa kujifurahisha tu. Alikuwa na swali moja, na alilisema waziwazi kwa yeyote aliyekubali kusikiliza. Je, alifika? Mtu uliyemwamini tangu una miaka sita, uliyejifunza kwake namna ya kutoogopa, habari zake zinakatika akiwa anaanguka. Ni haki kutaka kujua kama alifika.

Mwaka 1983, kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa magazeti ya katuni huko Manchester, alikutana na Bwana Leonard Pargeter, daktari wa meno kutoka Bury, ambaye leo yuko nasi. Bwana Pargeter ameniruhusu nieleze walivyozungumza.

"Kershaw Saba? Mama, hakuna kitu kama hicho."

"Kipo. Nimekisoma."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Sita, nikaingia saba."

"Basi pengine uliota."

"Mimi nikiota, naota nimechelewa zamu. Zohali kwa rangi nitaiotea wapi?"

Alirudi mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine. Bwana Pargeter akimwona kwa mbali alipaza sauti, "Bado hakuna, mama!" Naye alijibu, "Hujatafuta vizuri!" Ikawa salamu yao kwa miaka mingi. Watu wengine pale walimcheka, na wengine walimwambia kwa upole kwamba utoto huchanganya mambo. Mimi nilimtetea kila mahali, kwa sababu hata mimi namjua Kershaw, nililelewa naye.

Wilf alitangulia mbele ya haki mwaka 2011. Mwaka 2015 macho ya Beryl yakaanza kuharibika, ugonjwa ule wa uzeeni unaokula katikati ya kuona na kubakiza kingo. Akitaka kukuona uso, alilazimika kutazama sikio lako. Mwaka 2021 moyo nao ukalegea, akakatazwa ngazi. Hakulalamikia ngazi. Alilalamikia jambo moja tu. "Des," aliniambia, "nikiwa kipofu kabla sijajua kama alifika, nitakasirika mimi, sikutanii." Nilimfahamu akiwa na hasira, na sikutaka.

Nafika sasa Aprili ya mwaka huu. Shazia Mahmood na mumewe walikuwa wamenunua namba 7, wakaanza kuikarabati, na mlangoni wakaweka kontena la takataka. Mnajua desturi yetu: kontena likiwekwa, mtaa mzima hupata safari ya kupita hapo. Mimi na Beryl tulipita, nimemshika mkono, mvua imeanza. Akasimama. Alikuwa ameelekeza uso kwenye nguzo ya taa, kumbe jicho lake liko kontenani.

"Kershaw," akasema.

"Twende, dada. Tutalowa."

"Desmond, Kershaw yule pale! Ile fedha yake, naiona! Ingia!"

"Niingie wapi?"

"Humo! Au unataka niingie mimi na moyo wangu huu?"

Nina miaka sabini na mitatu. Niliingia. Suruali ilichanika mahali ambapo sitapataja kanisani. Katikati ya vipande vya kapeti ngumu ya jikoni palikuwa na magazeti, yamelala bapa, yamekuwa rangi ya chai, na juu kabisa alikuwa nahodha, usukani mkononi. Zamani mtu akitandika kapeti jikoni alitanguliza magazeti chini yake, na Shangazi Ivy alitandika yake kabla Alan hajaanza kukata majina kwa ajili ya beji. Shazia alitoka mbio na miavuli.

"Kuna shida, mzee?"

"Hakuna, mwanangu. Dada yangu amemwona rafiki yake."

Alitukaribisha ndani, akatuwekea magazeti mezani na chai pembeni. Gazeti la katuni lilikuwa zima, na jina la hadithi limeandikwa kwa herufi nyekundu zenye miali: *Petrie wa Zohali*. Beryl alilisogeza gazeti, akatazama dirisha ili alione.

"Petrie? Petrie ndiye nani?"

"Nahodha," nikasema. "Nahodha Lorne Petrie. Imeandikwa hapa."

"Na Kershaw je?"

"Naye yupo. Kershaw saba, kwenye kona, kwa penseli."

Shazia alikuwa anafunua magazeti mengine ya rundo lile. "Bibi," akasema, "na hili la mji, juu ya tangazo la soseji, nalo limeandikwa Kershaw saba. Na hili la kufuma pia. Sweta itaitwaje Kershaw Saba?"

Nilimweleza binti wa watu, kwa sababu siku hizi mambo hayo hayapo. Zamani muuza magazeti alipeleka magazeti nyumba kwa nyumba, na ili asichanganye, aliandika kwenye kona, kwa penseli, jina la familia na namba ya nyumba. Nyumbani kwetu hatukuletewa. Baba alinunua lake akitoka kazini. Nilikuwa bado naeleza, na sauti yangu ikaanza kufifia yenyewe.

"Des," Beryl akasema taratibu, "Shangazi Ivy alikuwa Ivy nani?"

Hatukutazamana, kwa sababu yeye hakuweza na mimi sikuthubutu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza. "Maisha yangu yote," akasema, "nimemtafuta mama wa namba saba! Nimeenda Morecambe! Nimeenda Leeds! Masikini Wilf, amebebeshwa masanduku kwa ajili ya penseli ya muuza magazeti!"

Jioni ile ile alimpigia simu Bwana Pargeter. Hakumsalimu.

"Petrie wa Zohali. Unaijua?"

"Petrie?" akasema Bwana Pargeter. "Mama, Petrie ninayo yote, toka toleo la kwanza hadi la mwisho. Nilikuwa nayo tangu siku ile ya kwanza, sandukuni, chini ya meza, karibu na mguu wako. Mbona hukusema unamtafuta Petrie?"

Beryl akahamishia simu sikio la pili.

"Njoo Alhamisi," akasema. "Nitapika pai."

Alhamisi, tarehe 5 Mei, saa nane mchana, tulijaa sebuleni kwake: Lorraine, Neil, Shazia na mumewe, na Bwana Pargeter amevaa glavu nyeupe za pamba na magazeti yake ndani ya mifuko ya nailoni. Pai ya nyama na viazi ilikuwa mezani, na kabeji nyekundu ya siki, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Bwana Pargeter alieleza picha, mimi nikasoma maneno. Tulianza pale pale Beryl alipoachwa, chombo kikianguka. Alikaa wima, macho ukutani, mikono magotini. Tulisoma toleo baada ya toleo, joto linapanda, vioo vinapasuka, mabaharia wanaagana. Neil, mwanamume mzima, alikuwa ameshika mkono wa dada yake. Toleo la mwisho likafika. Ikatokea meli kubwa ya mkuu wa majeshi, ikarusha kamba, ikakifunga chombo cha Petrie, ikakivuta mpaka nyumbani. Petrie akapiga saluti. Mwisho.

"Alifika," nikasema.

"Alivutwa," akasema Beryl.

"Lakini alifika, mama," akasema Lorraine.

"Alivutwa kama gari bovu! Miaka yote ile barabarani sijawahi kuvutwa mimi, hata mara moja! Kamba! Mtu aliyezunguka Mshtarii anangoja kamba? Bwana Pargeter, hebu rudi nyuma. Nisomeeni pale Mshtarii, nijue ni yeye yule."

Bwana Pargeter alirudi nyuma. Akapekua pole pole, kisha haraka, kisha pole pole tena. "Mama," akasema, "Petrie hakuwahi kufika Mshtarii."

"Alifika. Aliufuata mvuto, akazunguka, akatokea upande wa pili. Des anajua. Des, mwambie."

Niliweka gazeti mezani. "Dada," nikasema, "mimi sijawahi kusoma ukurasa wa hadithi hii kabla ya wiki iliyopita. Nilikuwa mdogo, sikujua kusoma. Yote ninayoyajua niliyasikia kwako."

"Lini?"

"Nilipougua surua."

Nilimwona anahesabu. "Surua ilikuwa karibu na Krismasi," akasema. "Shangazi Ivy alikuwa ameshaondoka."

"Alikuwa ameshaondoka."

"Na magazeti mama alikuwa ameshayachoma. Sasa nilikuwa nakusomea nini?"

"Hukuwa unasoma. Chumba kilikuwa giza, dada. Ulikaa pale mikono mitupu."

Bwana Pargeter akavua glavu zake, akasema kwa adabu kubwa kwamba ujanja ule, wa kuufuata mvuto wa sayari ili ukurushe mbele, vyombo vya kweli vilikuja kuufanya baadaye, lakini hakujua mwandishi yeyote wa katuni aliyeuweka katika gazeti la watoto wakati ule. Sina hakika kama Beryl alimsikia. Neil ndiye aliyesema lililokuwa vichwani mwetu sote.

"Kwa hiyo, mama, siku ile ya basi. Pale Weir."

"Nilidhani amenifundisha yeye," akasema Beryl.

"Hakukufundisha mtu."

"Basi si yeye."

"Si yeye."

"Ni mimi."

"Ni wewe, mama."

Nimemfahamu dada yangu maisha yangu yote. Nimemwona siku ya harusi yake, nimemwona na watoto wake wachanga mikononi, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa kuwa nyumba aliyopanga miaka yote ni yake. Alijifuta macho kwa kiganja, akasogeza kiti mezani, akasema, "Nikatieni kipande kikubwa. Nahodha ana njaa."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha, na sitaki mtu aitaje kwa huruma. Moyo ulizidi kudhoofika na macho yalizidi kufunga, lakini Beryl alikuwa anasimulia. Alisimulia habari za Kershaw Saba kwa wajukuu, kwa Shazia akipaka rangi jiko, kwa wauguzi na kwa wagonjwa wenzake, na mara hii hakusema amezisoma mahali. Bwana Pargeter alikuja kila Alhamisi, akaketi chini kama mwanafunzi. Mtu akiuliza hadithi imetoka gazeti gani, alijibu, "La namba kumi na sita, Mtaa wa Hammerton."

Mwishoni mwa Oktoba alilazwa hospitalini Blackburn. Tarehe 1 Novemba, mchana, nilikaa kando ya kitanda chake, na wakati huu mimi ndiye niliyekuwa na mikono mitupu. Hakuwa na maumivu. Nilimwambia kwamba katika hadithi zake zote mpya hajapata kutuambia jinsi ilivyokuwa pale Zohali, siku ile injini zilipozimika.

"Alifika, dada?" nikamuuliza.

Aligeuza uso kando, upande wa dirisha, ili anione vizuri.

"We Des nawe," akasema. "Atakosaje kufika? Si nilikuwa naendesha mimi?"

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Marehemu ameacha watoto wawili, Lorraine na Neil. Wajukuu watatu, Gemma, Rowan na Imogen. Mdogo wake mmoja, ambaye ndiye mimi. Majirani wa Mtaa wa Hammerton, wa zamani na wapya. Rafiki yake Bwana Leonard Pargeter. Na abiria wa bonde hili lote, ambao aliwafikisha. Tunawashukuru wauguzi, tunamshukuru mchungaji, na tunawakaribisha nyote kwa chai na pai ukumbini.

Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Apumzike kwa amani dada yangu, akishachoka.